Maswali yenu: Sheria hupikwa kamatini, si ukumbini

Barua za wiki hii nyingi zimetoka masokoni na stendi za bodaboda. Karibu zote zinauliza jambo lile lile: sheria hii ya kaunti ilipita lini, na sisi tulikuwa wapi? Nimechagua chache.

Askari wa kaunti walikuja asubuhi wakatuambia ada ya meza imepanda kutoka shilingi 30 hadi 50 kwa siku. Hakuna aliyetuuliza. Je, ni halali? – Muuza mboga, Pwani

Mama, muulize askari mambo mawili: ada hiyo imo katika Sheria ya Fedha ya mwaka gani, na sheria hiyo ilichapishwa lini katika gazeti rasmi. Kifungu cha 210 cha Katiba ya Kenya kinasema hakuna ushuru unaotozwa bila sheria. Kama hana jibu, nenda na wenzako kwa msimamizi wa soko mkaombe kuonyeshwa ukurasa wenyewe. Msirushiane maneno na askari, yeye ametumwa tu.

Lakini kama ada imo, basi ni halali, hata kama hukusikia habari zake. Hapo ndipo penye uchungu. Kila mwaka bunge la kaunti hupitisha Mswada wa Fedha, na humo ndimo mnamotajwa nyote: meza ya sokoni, leseni ya kioski, kuegesha gari, kuchinja mbuzi, gunia la makaa linalovuka kizuizi. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inalipa bunge siku 90 kuumaliza mswada huo baada ya kupitisha ule wa matumizi, ambao kwa kawaida huwa tayari mwisho wa Juni. Kwa hiyo kati ya Julai na Septemba, ulipokuwa ukipanga nyanya, kamati ilikuwa ikipanga bei ya meza yako.

Mwaka 2024 nchi hii iliusoma Mswada wa Fedha wa taifa kipengele kwa kipengele. Watu waliutafsiri kwa lugha za nyumbani, wakauchapisha kwenye simu, vijana wakafa barabarani, na tarehe 26 Juni Rais akatangaza hatautia saini. Mswada wa kaunti, unaogusa sarafu yako kila asubuhi kabla hujauza fungu la kwanza, hupita bila mtu hata mmoja kuuomba. Jambo hili linaniumiza sana.

Na msidhani mahakama haina meno. Kaunti ya Kiambu ilipitisha Sheria yake ya Fedha ya 2013, wananchi wakaenda Mahakama Kuu, na mwaka 2014 ikafutwa kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Walioshinda hawakwenda mikono mitupu. Anzeni leo kuweka tarehe, matangazo na nakala za barua zenu.

Mswada umeshasomwa mara ya pili. Naweza bado kupeleka maoni? – Mwenye duka la dawa

Umechelewa. Maoni hupokewa na kamati baada ya mswada kusomwa mara ya kwanza. Ila mtafute diwani wako leo hii, kabla ya kikao cha kamati ya bunge zima, wajumbe wote wanapoupitia mswada kipengele kwa kipengele, umpe maneno kamili ya marekebisho unayotaka, yameandikwa. Malalamiko ya mdomo hayawezi kuwekwa mezani kwa Spika.

Tuliitwa kutoa maoni kuhusu mswada wa masoko. Tukapewa soda na mkate, tukatia saini, tukaambiwa asante. Hatukuuona mswada wenyewe. Je, hayo ni maoni? – Vijana wa stendi

Hapana, ila karatasi mliyotia saini itasema ndiyo.

Nimekaa katika vikao vya namna hiyo miaka mingi. Kimoja sikisahau. Ukumbi wa kanisa, watu kama arobaini, wengi wao akina mama waliofunga vibanda ili waje. Mswada ulikuwa na kurasa zaidi ya 60, kwa Kiingereza, na nakala ilikuwa moja tu, mkononi mwa ofisa wa kamati. Akasoma kichwa cha habari, akasoma jina la kila sehemu, akauliza: "Kuna swali?" Mzee mmoja akainua mkono akauliza kama mswada unasema lolote kuhusu choo cha soko, maana kimeziba tangu mvua za masika. Akajibiwa kwamba hilo litaangaliwa. Karatasi ya mahudhurio ikazunguka kwa kasi kuliko soda. Ripoti ya kamati ilipotoka niliitafuta, nikaisoma yote. Idadi ya waliohudhuria ilikuwepo. Choo hakikuwepo.

Basi sikilizeni. Kwanza, dai nakala kabla ya siku ya kikao, na dai uelezwe kwa Kiswahili. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hakuna ofisa anayekufanyia hisani akikitumia. Pili, ukisema, taja namba ya kipengele. "Kipengele cha 14, faini ipunguzwe" kitaandikwa. "Tunateseka" hakitaandikwa, ingawa ni kweli. Tatu, andika maoni yako, hata kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, uyapeleke kwa Karani wa bunge, na usiondoke bila nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Nne, ripoti ikiwekwa mezani, itafute uone kama umo. Kama kamati ilikataa hoja yako, iseme kwa nini. Hatua hii ya nne karibu hakuna anayeifanya, na maofisa wanajua hivyo.

Na msitie saini karatasi ya mahudhurio isiyo na jina la mswada na tarehe juu yake. Hili nawaomba kwa dhati.

MCA (diwani) wetu haji mazishini wala hachangii karo. Tumfanye nini? – Wengi, tena na tena

Nimeshalijibu swali hili mara nyingi mno na sasa nalijibu kwa ufupi. Kazi yake ni kutunga sheria, kuisimamia serikali ya gavana na kuwasemea watu wa wadi. Mnayempima kwa bahasha ya mazishini ataipata bahasha hiyo mahali fulani, na mahali hapo si mshahara wake. Muulizeni alisema nini kuhusu bajeti ya zahanati. Hansadi, kumbukumbu ya maneno yanayosemwa bungeni, ipo.

Kamati husafiri hadi hoteli za kaunti nyingine kuandika ripoti. Kwani bungeni hakuna meza? – Mwalimu mstaafu

Meza zipo, mwalimu. Kinachokosekana bungeni ni marupurupu ya kulala nje. Wakitetea safari hizo, husema kuna utulivu na wajumbe hawasumbuliwi na wapigakura. Mimi nasema kusumbuliwa na wapigakura ndiyo kazi. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti lifanye mikutano yake wazi na kuwashirikisha watu katika shughuli zake na za kamati zake. Muuza samaki atauhudhuriaje mkutano ulio mwendo wa siku nzima kutoka kwao, kwenye hoteli ambayo mlinzi hamruhusu kuvuka lango? Hapo neno "wazi" limebaki kwenye karatasi tu.

Nikubali jambo moja: kaunti ndogo zina shida ya kweli. Lamu ina wadi 10, Nairobi ina 85, na kazi za kamati zinafanana. Kule kudogo diwani mmoja hukalia kamati nyingi kwa wakati mmoja, na ripoti huandikwa na makarani huku yeye akiitia saini tu. Dawa yake ni kuongeza watafiti, si vitanda vya hoteli.

Andikeni ombi rasmi kwa bunge; sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inawapa haki hiyo. Ombeni pia hesabu za safari za kamati kwa sheria ya kupata habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 za kuwajibu.

Gavana amekataa kutia saini mswada. Umekufa? – Mwanafunzi

Haujafa. Ana siku 14 ama kuutia saini ama kuurudisha kwa bunge na sababu zake. Akikaa kimya siku hizo zikaisha, huhesabiwa ameukubali. Bunge likiupitisha tena bila kuubadili, kwa thuluthi mbili ya wajumbe, lazima atie saini.

Mbona madiwani huwa na bidii wakati wa kumbandua gavana tu? – Dereva wa matatu

Kwa sababu siku hiyo kamera huja. Bunge la Kaunti ya Meru lilipiga kura ya kumbandua gavana wake, Kawira Mwangaza, Desemba 2022, Oktoba 2023 na Agosti 2024. Seneti ilimwokoa mara mbili, na mara ya tatu ikamwondoa. Sina ugomvi na mamlaka hayo. Gavana lazima awe na wa kumwogopa. Ila hoja ya kumng'oa mtu haizibui choo cha soko, na wiki inayojaa hoja hiyo mara nyingi huondoka na vikao vya kamati. Kamati ya hesabu ingefanya kazi yake kila robo mwaka, maovu mengi yangekamatwa yakiwa bado vijirisiti vidogo. Waandishi wenzangu nao wajaze viti siku ya mswada wa maji kama wanavyovijaza siku ya kura.

Nataka kumfuatilia diwani wangu wiki nzima. Niende siku gani? – Binti wa chuo

Mabunge mengi ya kaunti huketi Jumanne alasiri, Jumatano asubuhi na alasiri, na Alhamisi alasiri. Kikao cha alasiri huanza saa nane na nusu. Lakini nenda asubuhi ya Jumanne, kamati zinapokutana. Kwanza pitia kwa Karani uombe ratiba ya kamati za wiki, beba kitambulisho na daftari, na uzime simu kabla ya kuingia. Wakikuambia kamati imefungwa kwa umma, omba uonyeshwe uamuzi wa Spika na sababu yake, kisha uniandikie.