Jibu: Kishikwambi kipya, ninunue sasa au nisubiri?
Mkuu, kwa kuwa umesema ni cha kusomea PDF na kuangalia filamu, achana na megapikseli. Kamera ya kishikwambi ni pambo tu. Angalia hifadhi. GB 64 za eMMC (aina ya hifadhi ya polepole) hujaa upesi kwa sababu mfumo wenyewe humega sehemu yake, na nafasi ikibana kifaa huanza kukwama. Tafuta UFS (hifadhi yenye kasi zaidi) ya GB 128, na RAM, yaani kumbukumbu ya kuendeshea programu, ya GB 6 kwenda juu.

Wengi husahau Widevine, mfumo wa Google wa kulinda filamu zisinakiliwe: kifaa kikiwa na kiwango cha L3 (cha chini) badala ya L1 (cha juu), Netflix haifiki HD hata kioo kiwe kikali vipi. Uliza pia masasisho ya usalama ni ya miaka mingapi. Kama huna haraka, subiri sasisho la kwanza la mfumo litoke; bei nayo mara nyingi hushuka.