Damu imerudi baada ya mionzi

SWALI: Dada muuguzi, nina miaka 52, naishi Morogoro. Mwaka juzi nilimaliza mionzi ya saratani ya shingo ya kizazi pale hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam. Juzi nikifua niliona doa la damu kwenye nguo ya ndani, kubwa kama sarafu. Mguu wa kushoto nao umevimba hadi ndala inanibana. Kliniki ni baada ya miezi miwili. Nisubiri? Sijamwambia mtu.

JIBU: Usisubiri, mama yangu. Mguu ndio unaonitia hofu zaidi. Mguu mmoja ukivimba ghafla, huenda damu imeganda kwenye mshipa, kwa hiyo nenda hospitali ya karibu leo leo. Usiukande wala kuuchua. Ukibanwa na pumzi au kifua kikiuma, hiyo ni dharura. Pengine ni maji tu yaliyokosa njia baada ya mitoki, yaani tezi zinazochuja maji ya mwili, kuumizwa na mionzi, lakini hilo wathibitishe wao.

Damu nayo ina sababu zake. Mionzi hudhoofisha ngozi ya uke, kibofu na utumbo, na damu inaweza kutoka hata miaka baadaye. Saratani nayo inaweza kurudi. Kwa macho huwezi kutofautisha, lazima upimwe. Angalia inatoka lini: ukikojoa, ukienda haja kubwa, au baada ya tendo la ndoa? Iandike.

Nimewauguza kina mama waliochelewa kwa kuogopa jibu, na bado inaniuma. Mwambie mtu mmoja wa nyumbani akusindikize, na beba karatasi zako zote za mionzi.