Mavyaa anasema nikimwamsha mwanangu atakufa

Shikamoo Somo,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tanga nyumba moja na mavyaa wangu. Mume wangu ni dereva wa malori, akiondoka ni wiki tatu. Mwanangu wa kwanza ana miaka 9, na tangu Ramadhani iliyopita ameanza kutembea usingizini. Mwanzo ilikuwa kukaa kitandani na kuweweseka, baadaye akawa anashuka. Usiku mmoja alitoka anaburura chandarua, akaenda moja kwa moja kwenye kinu cha bibi yake, akakojoa humo, akarudi kulala. Asubuhi hakumbuki lolote.

Hilo tulicheka. Wiki iliyopita hatukucheka. Saa tano usiku nilisikia komeo la mlango wa uani. Nikamkuta amesimama kando ya kisima, macho wazi, ananitazama kama hanioni. Nilitaka kumshika, mavyaa akanivuta mkono: "Usimguse! Roho yake iko matembezini, ukimwamsha haitapata njia ya kurudi." Tukasimama wote wawili tunamtazama, mpaka alipogeuka mwenyewe akarudi ndani. Kisima kile kimefunikwa kwa bati tu. Jirani naye anasema mtoto analimishwa usiku na wachawi, nitafute mganga. Mavyaa wangu ni mtu mzima na ananipenda, sitaki kumkosea adabu. Lakini ni kweli nikimwamsha atakufa?

Mama Wawili, Tanga

Marahaba mwanangu.

Hafi. Moyo haupasuki, akili haimtoki, na roho haikosi njia. Nimeanza na hilo ili upumue, kwa sababu barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonitisha ni lile bati.

Nilisoma shule ya bweni. Kulikuwa na mwenzetu, usiku anaamka, anakunja shuka lake vizuri, kisha anaanza kututandikia vitanda nasi tumo ndani tumelala. Siku moja kiranja alichoka, akammwagia kikombe cha maji usoni. Yule msichana alizinduka akirusha kiwiko, kikampata kiranja mdomoni. Halafu akakaa sakafuni akalia, hajui yuko wapi wala kwa nini amelowa. Asubuhi aliyepelekwa zahanati ni kiranja.

Hatari ya kumwamsha ghafla ni hiyo tu. Anashtuka, anachanganyikiwa, anaweza kukusukuma au kukupiga bila kujua wewe ni nani, na wewe usiku ule ungekuwa umesimama kando ya shimo la maji.

Sababu ya kuchanganyikiwa ni kwamba usingizi una vina vyake. Saa moja hadi tatu baada ya kulala, mtoto anakuwa amezama kwenye ule mzito kabisa, usingizi wa pono. Hapo kitu kikimgutusha nusunusu, mathalani kibofu kimejaa, homa, au mlango umebamizwa, sehemu ya ubongo inayoendesha miguu inaamka, ile ya kupima mambo, kutambua nyuso na kuweka kumbukumbu inabaki imelala. Bila shaka jinamizi unalijua: akili imeamka, mwili umefungwa, unataka kupiga kelele sauti haitoki. Mwanao ana jinamizi lililopinduliwa. Mwili uko huru, mwenye mwili hayupo. Ndiyo maana alikutazama asikuone, na ndiyo maana kinu alikiona choo. Kumkemea asubuhi kwa jambo hilo ni kumwonea, na kumsimulia mbele ya wageni ili wacheke ni kumwonea zaidi.

Sasa, mavyaa wako ana nusu ya haki, na hiyo nusu mpe. Kumwamsha hakuna haja. Anachohitaji ni kuongozwa. Siku nyingine usisimame mbali. Mwendee kwa ubavuni, si kwa mbele ya uso, sema kwa sauti ya chini maneno machache, wimbo uleule wa kila siku, "twende tukalale", weka kiganja mgongoni au kwenye kiwiko, mgeuze taratibu. Wengi hufuata kama kondoo. Ukiweza mpitishe chooni kwanza, mara nyingi ndiko alikokuwa akienda. Akikataa usimvute, tembea naye tu, wewe ukiwa upande wa hatari.

Lakini akiwa amefika kisimani, au ameshika kisu, au anafungua mlango wa barabarani, na maneno hayamgeuzi, mshike. Akiamka, aamke. Kilio cha dakika kumi si kitu.

Na kisima kifunikwe kesho, si mwisho wa mwezi. Mfuniko wa zege, au mbao nzito zenye kufuli. Komeo la mlango wa uani lihamishwe juu asikofikia, funguo usiziache tunduni. Kwenye mlango wa chumba chake funga njuga au kengele ya mbuzi, ikuamshe wewe. Visu, jiko la mkaa lenye moto, ndoo ya maji ya moto, visibaki njiani. Usimfunge kamba kitandani, wala usimfungie chumbani kwa kufuli peke yake, moto ukitokea utajuta.

Jirani mwambie ahsante kwa kujali, hela za mganga weka kwenye zege.

Umesema ilianza Ramadhani, na hapo ndipo ningechimba. Mtoto analala saa nne baada ya tarawehe, anaamshwa daku saa kumi, shule, kisha chuoni. Usingizi ukikatwakatwa na kupungua, ule mzito unajilipiza, na kutembea kunaongezeka. Mtoto wa umri wake anahitaji kati ya saa 9 na 12 kwa usiku. Ramadhani imekwisha, lakini hebu niambie: leo analala saa ngapi, na televisheni ya ukumbini inazimwa saa ngapi? Uji wa usiku nao upunguze, umwongoze akojoe kabla ya kulala.

Kisha muulize mavyaa swali moja, kwa upole, mkiwa mnachambua mchele: "Mama, baba Fulani alipokuwa mdogo, hakuwa akitembea usiku?" Sitashangaa akinyamaza kidogo. Jambo hili hutembea kwenye damu. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2015, uliofuatilia watoto 1,940, uliona kwamba ambao wazazi wao hawakuwahi kutembea usingizini, kama 22 katika kila 100 walitembea wakati fulani utotoni. Mzazi mmoja akiwa alitembea, walikuwa 47. Wazazi wote wawili, zaidi ya 61. Kilele kilikuwa miaka 10, kwa hiyo wako yuko katikati ya msimu wake, na wengi huacha wakibalehe.

Kama mumeo alikuwa hivyo, basi mavyaa amewahi kulea mtoto kama huyu, akakesha nyuma yake, na akatoka naye salama. Muulize alifanyaje. Utajifunza kitu, na yeye atajisikia ameombwa msaada, hajasahihishwa. Habari ya roho nayo usibishane nayo. Ni mtu wa dini bila shaka, mkumbushe ile aya ya 42 ya Surat Az-Zumar: Mwenyezi Mungu huzichukua roho wakati wa usingizi, na asiyemkadiria kifo humrudishia mpaka muda wake. Anayeirudisha ni Yeye, mkono wako begani mwa mtoto hauwezi kumzuilia.

Utahitaji awe upande wako, kwa sababu ninalokuambia sasa atalipinga: dawa yenyewe ni kumwamsha. Wiki nzima andika kwenye daftari amelala saa ngapi na ameinuka saa ngapi. Ukiona saa inajirudia, tuseme saa tano, basi kila usiku saa tano kasorobo mwamshe wewe kwanza, kidogo tu, afumbue macho, aseme neno, alale tena. Fanya hivyo wiki tatu au nne. Madaktari wa usingizi huwapa wazazi ushauri huu, na watoto wengi huacha.

Daktari mwone kama anainuka mara kadhaa usiku mmoja, kama mwili unakakamaa, anatetemeka au anajiuma ulimi, maana hicho kinaweza kuwa kifafa cha usiku. Vilevile akikoroma sana na pumzi kukatika, au akisinzia darasani. Mrekodi kwa simu uende na video, daktari ataelewa zaidi kuliko maelezo yako.

Niandikie mavyaa alivyojibu. Na kile kinu kioshwe kwa maji ya moto, kianikwe juani siku mbili, kabla hamjatwanga kitu.

Somo yako