Spika zinanguruma kompyuta ikiwa kwenye chaja

SWALI: Bwana fundi, nina studio ndogo ya chumba kimoja mtaani Himbi, Goma. Kinanda changu cha kielektroniki nimekiunganisha na kompyuta kwa kebo ya USB, na sauti yake naiingiza katika kadi ya sauti kwa kebo mbili za jeki. Spika zinanguruma muda wote, tena kuna mluzi mwembamba unaobadilika kila ninaposogeza kipanya. Kompyuta ikitumia betri, kelele yote hukatika. Muuzaji ananishauri ninunue kadi nyingine ya sauti. Niinunue? Pia mashine yangu ya midundo haifuati mwendo wa kompyuta.

JIBU: Usiinunue. Kadi iliyoharibika haiponi kwa sababu tu chaja imechomolewa, kwa hiyo tatizo liko katika namna ulivyounganisha vyombo.

Kinanda chako kimefungamana na kompyuta kwa njia mbili: kwanza kwa kebo ya USB, na pili kwa ganda la nje la kebo za jeki, ambalo linafika kwenye kadi ya sauti na kurudi kompyutani kwa USB ya kadi yenyewe. Duara limekamilika, na mikondo midogo inayotoka kwenye chaja inazunguka humo. Kwa kuwa katika jeki ya kawaida ganda hilo ndilo pia njia ya kurudia ya sauti, kelele inachanganyika na muziki kabla haujafika kwenye kadi. Mngurumo ni umeme wa ukutani, ambao kwetu ni wa hezi 50, ilhali mluzi ni kazi ya ndani ya kompyuta, na ndiyo maana unafuata kipanya.

Hakikisha hivi: acha kila kitu kikiwa kimewashwa, kisha chomoa USB ya kinanda peke yake. Kelele ikikoma, duara umelipata. Ikibaki, tazama kati ya kadi na spika, ambako unahitaji jeki zenye mikanda miwili myeusi kwenye ncha badala ya mmoja, yaani zinazobeba sauti kwa nyaya mbili mbali na ganda. Jeki hizo hazitakusaidia upande wa kinanda, kwa maana vinanda vingi havitoi sauti ya aina hiyo, hata muuzaji akikusifia kebo yake.

Dawa ninayoipendelea ni ya zamani. Acha USB, utumie tundu la mviringo lenye pini tano la MIDI, yaani lugha ambayo vyombo vya muziki hutumia kupeana ujumbe wa noti. Utaratibu wa MIDI, uliotoka mwaka 1983, unataka tundu la kupokea liwe na kifaa kinachovusha ujumbe kwa mwanga, hivyo noti zinapita bila vyombo viwili kuungana kwa umeme. Ikiwa kinanda hakina tundu hilo, tafuta kitenganishi cha USB, yaani kifaa cha kuweka katikati ya kebo kinachokata muungano wa umeme na kupitisha ujumbe tu. Vile vya bei nafuu huishia megabiti 12 kwa sekunde. Zinakitosha kinanda, lakini usikiweke kwenye kadi ya sauti, ambayo mara nyingi huhitaji zaidi.

Kuna jambo moja nakukataza kabisa: usivunje pini ya ardhi ya plagi yoyote, hata kama mngurumo unakoma ukifanya hivyo. Pini hiyo inakulinda wewe, si muziki. Afadhali uchomeke vyombo vyote katika ralonji (kebo ya kurefusha umeme) moja yenye ardhi. Na umeme ukikatika ukahamia kwenye inveta, kelele ikarudi, usizilaumu kebo. Inveta zisizotoa wimbi laini huleta mngurumo wake zenyewe.

Kuhusu midundo, MIDI OUT (tundu la kutoa) ya kinanda iende MIDI IN (tundu la kupokea) ya kadi. MIDI OUT ya kadi iende IN ya mashine ya midundo. Kisha THRU (tundu la kupitisha) ya mashine iende IN ya kinanda. Usitumie OUT ya mashine mahali pa THRU, kwa sababu THRU ndiyo inayopitisha ujumbe wa kompyuta kama ulivyo. Kipe kinanda chaneli ya 1 na mashine chaneli ya 10. Katika programu yako washa utumaji wa saa ya MIDI, yaani mapigo 24 kwa kila robo noti, na katika mashine chagua saa ya nje. Baada ya hapo bonyeza kitufe cha kuanza kwenye kompyuta tu. Cha mashine usikiguse.