Mahali pa kupokea wahami Goma: wekeni mifugo kwenye mpango, na siku ya kutoka pia

Volkano ya Nyiragongo haimpi mtu muda wa kufikiri. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji wa Goma mpaka Ziwa Kivu. Tarehe 22 Mei 2021 iliteremka jioni, ikakata barabara ya Rutshuru na kusimama karibu na uwanja wa ndege. Siku tano baadaye kartie (mitaa) 10 ziliamriwa kuhama, na mamia ya maelfu ya watu wakashika njia ya Sake, ya Gisenyi, na ya ziwani kwenda Minova na Bukavu. Shule au parokia inayongoja siku kama hiyo ndipo ianze kutafuta bidoni (madumu ya maji) itakuwa imeshachelewa. Kamati nyingi zinakumbuka mablanketi na unga. Zinachosahau ni wanyama wa wahami, na namna wahami watakavyoondoka.

Anzeni na kiwanja. Upande wa magharibi wa mji, kuanzia Mugunga na Bulengo hadi njia ya Sake, kuna mazuku: gesi ya kaboni dioksidi inayotoka kwenye nyufa za ardhi na kutulia mabondeni kwa sababu ni nzito kuliko hewa. Haina rangi wala harufu. Huzidi usiku na alfajiri, kabla upepo haujaamka, na huanza kuua walio chini: mbuzi aliyelala, mbwa, mtoto kwenye mkeka. Waulizeni wazee wa hapo na nyumbakumi, kisha tembeeni mchana mkitafuta mashimo yenye ndege au wadudu waliokufa. Msitegemee mshumaa, kwani unaweza kuendelea kuwaka mahali ambapo hewa imeshakuwa ya hatari. Bonde lolote lenye shaka lizungushieni kamba na alama, na msifunge mnyama humo hata kwa saa moja.

Pia chagueni sehemu mbili, moja kila upande wa mji. Mwaka 2002 lava iliugawa mji, na mtu wa upande mmoja hawezi kuvuka moto kufuata orodha yenu.

Nafasi ya kulala inahesabiwa mita za mraba 3.5 kwa mtu. Darasa la mita 6 kwa 9 linatosha watu 15. Tunajua litajazwa 40 usiku wa kwanza, lakini kamati isiyojua kwamba kipimo ni 15 haitajua lini iseme pamejaa na ielekeze wengine kwingine. Kwa watu 300, maji ni lita 15 kila mmoja kwa siku, yaani lita 4,500, au bidoni 225 za lita 20. Mkichota ziwani, wekeni mtu wa klorini palepale pwani. Mchanganyiko wa asilimia 1 unapatikana kwa gramu 15 za klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70 katika lita moja ya maji. Mililita 5 za mchanganyiko huo kwa bidoni ni mwanzo mzuri. Ngojeni dakika 30, pimeni: klorini iliyobaki iwe kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Ikiwa chini ya hapo, ongezeni. Maji yenye tope yanaila klorini, hivyo yaacheni yatulie kwanza.

Vyoo ndivyo vinavyoshinda watu Goma. Mwamba wa lava hauchimbiki kwa jembe, na penye nyufa uchafu unapenya kwenda ziwani bila kuchujwa. Ndiyo maana tunajenga choo cha kuinuliwa: ukuta wa mawe ya lava, plasta ya saruji ndani, ngazi, na mlango wa nyuma wa kutolea uchafu. Kosa linalorudiwa ni kukihesabu kama shimo la udongo. Shimo la udongo hunyonya mkojo, tangi lililopigwa saruji halinyonyi kitu. Mtu mmoja hutoa lita moja au zaidi kwa siku. Tangi la lita 1,000 likitumiwa na watu 50 hujaa kabla ya siku 20. Kwa hiyo siku mnayojenga choo, andikeni nani atakuja kukitoa, na uchafu utapelekwa wapi. Msipopata jibu, msijenge hicho choo, tafuteni kiwanja chenye udongo. Anzeni na choo kimoja kwa watu 50, yaani 6 kwa watu 300, kisha mfike kimoja kwa 20. Vya wanawake viwe mara tatu ya vya wanaume, viwe na komeo kwa ndani na taa njiani. Kolera iliua maelfu ya wakimbizi hapa mwaka 1994, hatuna haja ya kufundishwa tena.

Sasa wanyama. Mama mwenye mbuzi watatu ana ada ya shule ya watoto wake katika mbuzi hao. Mkimwambia langoni waachwe nje, atalala nje pamoja nao, au atarudi kuwachukua chini ya mlima. Wapokeeni, lakini kwa utaratibu. Kila familia ipewe kadi yenye namba, na namba hiyohiyo iandikwe kwenye kipande cha bati au plastiki shingoni mwa mnyama. Ugomvi mwingi wa kambini unaishia hapo.

Zizi liwe upande wa chini wa maji na upande ambao upepo hautupi harufu madarasani, angalau mita 30 kutoka kisimani au kwenye tangi, na zaidi penye nyufa. Mbuzi anywe lita 4 hadi 5 kwa siku: mbuzi 40 ni bidoni 10, ziongezeni kwenye hesabu ya juu, msizitoe kwenye maji ya watu. Majani yaliyopata majivu ya volkano yapigwe na kuoshwa kabla ya kulishwa, kwa sababu majivu hubeba floridi inayodhuru meno na mifupa. Mbuzi anayetoa makamasi na kuhara atengwe papo hapo: huenda ni sotoka ya mbuzi, nayo hupita zizi zima. Kuku wakae kwenye vikapu kifamilia, wasichanganywe, maana kideri kikiingia kinawamaliza. Dende (wanyama wadogo wa kufugwa, kama panya wanene wasio na mkia) wanataka mahali pakavu pasipo baridi wala moshi, na madume watengwe.

Mbwa kila mmoja na kamba yake, asiweze kumfikia mwenzake wala njia ya watoto. Daktari wa mifugo aitwe siku za kwanza kuchanja kichaa cha mbwa, lakini chanjo haimkingi mbwa siku hiyohiyo. Aliyeumwa aoshwe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya apate chanjo bila kungoja kuona kama mbwa atakufa.

Kuhusu kutoka, wiki ya kwanza tu gaweni daftari la wahami katika makundi. Wenye nyumba iliyosimama warudi mara serikali, ikishasikia Kituo cha Uchunguzi wa Volkano, OVG, itakaporuhusu. Wenye kiwanja lakini nyumba imeungua wanahitaji mbao, mabati na misumari: nyumba ya mbao inasimama juu ya mawe, na inaweza kufunguliwa na kuhamishwa. Turubai moja la mita 4 kwa 6 halitoshi familia ya watu zaidi ya watano, toeni mawili. Ambao kiwanja chao kimefunikwa wasiharakishwe kujenga, kwa sababu lava hubaki na moto ndani kwa miezi mingi baada ya kukauka juu.

Wapangaji ndio hubaki mwisho, wala si kwa uvivu. Hawana garanti (fedha ya dhamana anayopewa mwenye nyumba) ya nyumba mpya, na ile ya zamani haijarudishwa. Fedha kidogo ikielekezwa kwenye garanti huondoa familia darasani haraka kuliko mwezi mzima wa kugawa unga. Waandikeni pia waliopokelewa na ndugu zao majumbani. Msaada ukitolewa shuleni tu, nao watakuja kulala shuleni.

Fungueni kwanza madarasa ya wanaojiandaa na mtihani wa mwisho. Kabla ya kukabidhi, toeni uchafu wa vyoo vyote, ondoeni samadi, hesabuni madawati mbele ya mkurugenzi na shefu wa kartie, wote watie sahihi. Madawati yaliyogeuzwa kuni yalipwe na kamati, si na wazazi.