Kwa walimu wapya wa Kiingereza: acheni kuhesabu tamathali

Kila msimu wa BTP, yaani mazoezi ya kufundisha ya walimu wanafunzi, unapofika, shule zetu za Dodoma hupokea walimu vijana wenye bidii, waliobeba maandalio ya somo yaliyojazwa hadi kipengele cha mwisho, na kila msimu mimi huketi nyuma ya darasa nikautazama ubao uleule: jina la tamathali kushoto, fasili katikati, mfano mmoja kulia, kuanzia tashibiha mpaka kinaya, yaani kusema kinyume cha unachomaanisha. Wanafunzi hunakili, kengele hulia, na mada huwekewa alama ya vema katika azimio la kazi. Wadogo zangu, ninawapenda na ninaona mnavyojituma, lakini ubao huo umenichosha, kwa sababu mwanafunzi aliyeukariri wote bado hajui kwa nini mtu yeyote aliwahi kusema jambo kwa tamathali.

1. Anzeni na sentensi. Jina lije baadaye. Katika shule moja ya upande wa Bahi, mwalimu kijana aliliacha jedwali lake na kuwataka Kidato cha Pili waueleze kwa Kiingereza upepo wa Agosti, ambao wakati huo ulikuwa ukigongagonga madirisha. Mvulana mmoja aliandika kwamba upepo husoma daftari lake kabla ya mwalimu. Darasa lilicheka, kisha likaanza kubishana upepo unasomaje, mpaka msichana mmoja akaeleza kwamba unafunua kurasa kwa pupa, bila ruhusa, na hauelewi chochote. Hapo ndipo mwalimu alipoandika ubaoni jina la tashihisi, na sidhani kama yuko aliyehitaji kukaririshwa fasili.

2. Msihesabu. Hili ndilo kosa linaloniuma kuliko yote, kwa kuwa nimeliona likiua somo lililokuwa limeanza vizuri. Mwalimu mmoja alileta darasani hotuba mbili za mazishi katika tamthilia ya Julius Caesar ya Shakespeare, kutoka tendo la tatu, onyesho la pili: ya Brutus, mmoja wa waliomuua Caesar, na ya Antony, rafiki wa Caesar anayewageuza raia dhidi ya wauaji; akagawa makundi na kuagiza kila kundi liorodheshe tamathali. Kundi la kwanza likaleta takriri, yaani marudio ya maneno, la pili kinaya, la tatu maswali ya balagha, na yote yakapewa vema. Kisha msichana aliyeketi karibu na dirisha akauliza: “Mwalimu, Brutus naye ametumia hizohizo. Mbona watu wamemwacha?” Mwalimu aliangalia saa, akasema watalirudia kipindi kijacho. Nilipopitia andalio la kipindi hicho kijacho, mada ilikuwa nyingine kabisa. Swali lile ndilo lililokuwa somo, na liliachwa likapita.

Tazameni lilivyokuwa swali la haki. Brutus anazungumza kwa nathari iliyopangwa kwa ukinzani safi: si kwamba alimpenda Caesar kidogo, bali aliipenda Roma zaidi. Anauliza ni nani hapa aliye duni kiasi cha kutaka kuwa mtumwa, na umati unamshangilia. Kwa hesabu ya tamathali hapungukiwi na kitu. Antony anasimama baada yake na kusema kwamba Brutus ni mtu mwenye heshima, na mara ya kwanza maneno hayo yanapita kama sifa ya kweli. Lakini kati ya rudio moja na jingine anaingiza jambo: mateka ambao fidia zao zilijaza hazina ya umma, machozi ya Caesar pale maskini walipolia, taji alilopewa mara tatu akalikataa mara tatu. Kila jambo linapoongezwa, maneno yaleyale yanazidi kugeuka, na Antony hajamtukana mtu. Hatimaye ni raia mmoja, wala si Antony, anayepaza sauti kwamba hao watu wenye heshima walikuwa wasaliti. Wasikilizaji wameachiwa kazi ya kukimalizia kinaya wenyewe, na mtu akishafikia hitimisho kwa kinywa chake ni vigumu kumrudisha nyuma. Takriri imefanya kazi hiyo kwa sababu ya kilichowekwa katikati yake. Ukimwambia mwanafunzi kwamba takriri husisitiza, umempa jibu linalotosha kwa kila shairi na lisiloeleza hata moja.

3. Msizikimbie metonimia, yaani kukiita kitu kwa jina la kingine kinachohusiana nacho, na sinekdoki, yaani sehemu kusimama badala ya kizima, hasa ninyi mnaofundisha hapa. Tangu uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma, jina la mji wetu limekuwa likijifunza kusimama badala ya serikali, na mtangazaji akisema Dodoma imetoa msimamo, hakuna mwanafunzi anayedhani ni mibuyu iliyozungumza. Waingereza hufanya vivyo hivyo na Downing Street, mtaa wa ofisi ya waziri mkuu wao. Kiingereza kinapowaita mabaharia mikono (hands), hapo sehemu ya mwili imesimama badala ya mtu mzima, na hiyo ni sinekdoki. Antony anapowaomba Warumi wamwazime masikio, mwanafunzi anaweza kubisha upande wowote, kwamba ni metonimia au ni sinekdoki. Akitoa hoja, mpeni alama.

4. Someni kwa sauti, kila dondoo, kila kipindi.

5. Mfano wa mtu jasiri kama simba upumzisheni.

6. Itafuteni tafsiri ya Kiswahili ya tamthilia hiyo ya Julius Caesar aliyoifanya Mwalimu Nyerere, iliyotoka mwaka 1963 na kurekebishwa mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mkipata vipindi viwili vinavyofuatana, wasomeeni hotuba ya Brutus kwa Kiswahili, kisha ya Antony, halafu kila mwanafunzi aweke kidole kwenye mstari ambapo yeye mwenyewe alianza kumshuku Brutus. Hawatakubaliana, na msiwaharakishe. Baada ya hapo wapeni nakala ya Kiingereza wautafute mstari huohuo na kueleza umewafanyia nini, na majina ya tamathali yaandikwe ubaoni katika dakika kumi za mwisho.