Furaha Unayo, Kinachokusumbua ni Kuridhika

Wengi wanaoniambia hawana furaha, nikiwasikiliza vizuri, naona wanayo. Wanataniana, wanakula wakashiba Jumapili, wanaimba kanisani hadi sauti zinakauka. Kinachowanyima usingizi ni kingine: wakiyatazama maisha yao kwa jumla, wanayaona yamepunguka. Furaha na kuridhika ni mambo mawili, na kila moja lina tiba yake.

Mimi ni wakala wa M-Pesa hapa Kondele, Kisumu, na kazi hii ni ya kusoma nyuso. Aliyetumiwa pesa namjua kabla hajasalimia. Kuna mama muuza omena ambaye mwanawe yuko Qatar. Siku pesa ikiingia, kitambulisho ananipa kabla sijakiomba, kisha anausoma ujumbe kwa sauti, hadi namba ya muamala, watu wote kwenye foleni wasikie. Nikihesabu noti, midomo yake inahesabu pamoja nami. "Nyasaye ni mwema," anasema, yaani Mungu, na wateja wanacheka naye. Hiyo ni furaha kamili, sioni imepungua nini. Halafu, akiwa bado anazifunga noti kwenye pindo la leso, anaanza: "Lakini mwanangu, yule mwenzangu wa sokoni, wa kwake ameshamjengea nyumba ya matofali." Sauti imeshuka. Ile furaha haijaharibika, ila sasa anajipima.

Siku moja nilimuuliza, mama, akikujengea utahamia? Akaguna. Alisema nyumba ya matofali mashambani ni ya kulala panya, biashara yake iko hapa. Anachotaka hasa ni kijana aje Desemba. Basi kumbe alikuwa anajipima kwa kitu ambacho hata hakitaki!

Jambo hili lilichunguzwa hapa jirani yetu. Kati ya 2011 na 2013, shirika la GiveDirectly liligawa pesa zisizo na masharti katika vijiji vya Rarieda, kaunti ya Siaya, kwa familia zilizokuwa kwenye nyumba za nyasi. Wengine walipata shilingi 25,200, wengine 95,200, zote kwa M-Pesa. Watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walipolinganisha waliopata na wasiopata, waliopata walisema wana furaha zaidi na wameridhika zaidi na maisha. Paa za mabati ziliongezeka. Ndiyo maana sina subira na wanaohubiri kwamba pesa haileti furaha. Mara nyingi karo ya watoto wao imeshalipwa.

Lakini watafiti waliangalia pia majirani, na hapo ndipo mimi hukaa nikafikiri. Kadiri waliowazunguka walivyoinuka, ndivyo watu walivyosema hawajaridhika na maisha, hasa ambao hawakupata kitu. Kipimo cha furaha hakikuyumba hivyo. Hebu fikiria: hakuna aliyewachukulia mbuzi, nyasi za paa hazikuanza kuvuja kwa sababu ya jirani. Watoto wao waliendelea kuwachekesha jioni. Kilichobadilika ni kwamba ng'ambo ya ua kuna mabati yanang'aa.

Hata zile habari za Finland zinaeleweka hivyo. Kila mwaka ripoti ya dunia ya furaha ikitoka, tangu 2018, nchi hiyo imekuwa ikiongoza, na wateja wangu hubisha: kwenye baridi ile kuna furaha gani? Ila nafasi hupangwa kwa swali moja. Fikiria ngazi yenye vipago kutoka 0 hadi 10, juu kabisa ni maisha bora unayoweza kuyapata, chini ni mabaya kabisa. Wewe uko kipago gani? Hilo ni swali la kuridhika. Tungepangwa kwa vicheko, sijui kama wangeliona hata vumbi letu.

Sasa ushauri wangu. Ukijisikia vibaya, kwanza jiulize ni kipi kinachokosekana. Nyuma ya daftari langu la dukani nimeandika mambo ambayo yakiwepo sina haki ya kulalamika: karo imelipwa, hakuna mtu ninayemkwepa kwa deni, dawa za presha za mama yangu hazijakatika. Wakala mwenzangu alipofungua duka kubwa mkabala na langu, lenye viti na feni, nilifungua ukurasa ule kabla ya kuanza kuwaza mkopo. Hapakuwa na feni.

Kuna vipindi mambo yote ya daftari yako sawa na bado moyo ni mzito. Hapo usianzishe biashara nyingine! Kilichopungua ni furaha, na furaha haitaki mtaji mkubwa. Mimi nafunga mapema, naenda ufukweni Dunga na marafiki tunakula samaki wa mbuta kwa ugali, au nangoja timu yetu ya mpira, Gor Mahia, wacheze. Gor wakishinda, hata mwenye deni anaimba barabarani, na deni liko palepale asubuhi. Sioni ubaya. Furaha kazi yake ni kupita.

Ubaya ni kuitumia kutibu kisichokuwa chake. Vijana wanaobeti hapa nje ya duka hawatafuti raha tu, wanatafuta maisha yao yakae sawa kwa mkeka mmoja. Huko Marekani, watafiti walichapisha mwaka 1978 walichokiona kwa washindi 22 wa bahati nasibu ya Illinois: hawakuwa na furaha kuwashinda watu wa kawaida waliolinganishwa nao, na vitu vidogo kama kupiga gumzo na rafiki au kula kiamsha kinywa viliwapa raha pungufu kuliko vilivyowapa wengine.

Na usije ukaambiwa uridhike na kila kitu. Paa likivuja juu ya kitanda cha mtoto, kutoridhika ni akili timamu. Anayekuhubiria subira, angalia kwanza yeye analala wapi.

Kuna hali moja ambayo daftari langu haliiwezi. Ikiwa huzuni imekaa zaidi ya wiki mbili, chakula hakina ladha, usingizi umepotea, na hata uliyokuwa ukiyapenda hayakugusi, huo unaweza kuwa ugonjwa, na una tiba. Kwa sisi wa Kisumu, nenda Russia, yaani hospitali ya rufaa ya Jaramogi, uulize kitengo cha afya ya akili. Usiende peke yako, mwambie ndugu au jirani akusindikize.